Mausi gani imekuokoa mkono? Tupeane uzoefu

Mzee wa Uyole: Wakuu, leo nimebadilishiwa kompyuta ofisini, nimepewa na kipanya kidogo kama kiberiti. Saa sita haijafika vidole vimekakamaa. Nimekumbuka mwaka ule niliofunga bandeji miezi miwili. Mnaoshinda kwenye Excel, mnatumia ipi? Bei iwe ya mtumishi, siyo ya mbunge.

Nyakato_Iringa: Hapo kwenye udogo umenena. Kiganja kinabaki kinaning'inia.

Binti Kibena: Kaka umenitonesha. Mimi ni mhasibu wa chama cha akiba na mikopo, Njombe. Mwezi wa saba, baridi ile, nafunga nusu mwaka na kimausi cha elfu saba. Usiku naamka gumba, cha shahada na cha kati vina ganzi, nakung'uta mkono kama mtu aliyetoka kunawa. Cha mwisho kizima kabisa! Mama akasema naulalia.

Ijumaa nikasaini hundi ya wakulima. Kalamu naiona mkononi ila siisikii. Mchana benki wanapiga simu: saini haifanani. Mwenyekiti akanitazama kama mwizi. Wakulima wamekaa kwenye ngazi, makoti wamefunga hadi shingoni. Akaniambia nisaini palepale kwenye karatasi tupu. Nikasaini mara nne, zote nne tofauti. Mzee mmoja akasema "mwacheni binti", ndipo nikalia.

Hospitali, daktari alinigonga kifundoni upande wa kiganja, shoti ikaenda hadi kidole cha kati. Kumbe mshipa wa fahamu unabanwa pale. Nikapewa kifaa cha kuvaa usiku, mkono usijikunje. Sasa natumia mausi ya kusimama, unaishika kama unampa mtu mkono. Wiki ya kwanza niliichukia, nalenga kisanduku hiki mshale unatua cha jirani.

Mwana Tukuyu: Pole sana dada. Hundi ililipwa?

Binti Kibena: Jumatatu. Alisaini katibu.

Makete Asilia: Pole, ila Njombe nayo mnaiita baridi? Njoo huku asubuhi ukanyage barafu kwenye majani.

Binti Kibena: Haya, chukua kombe.

Fundi Mafiat: Mnakimbilia kununua! Meza nyingi ninazokuta ziko juu, mtu kiwiko kinaning'inia kama kuku wa mnadani. Pandisha kiti, kiwiko kiwe usawa wa meza, mausi iwe karibu na kibodi. Kisha ongeza kasi ya mshale kwenye setingi, mkono usisafiri.

Mwalimu Mstaafu: Kasi usiongeze. Mimi niliongeza, nikawa nakaza vidole ili nisipitilize. Punguza, usogeze mkono wote kuanzia begani.

Fundi Mafiat: Mwalimu, shikamoo, lakini hapo hapana.

Mwalimu Mstaafu: Marahaba. Hapo ndiyo.

Kijana wa Ipogolo: Mimi trekboli. Yenyewe imetulia, unazungusha gololi kwa gumba. Meza yangu imejaa mafaili, haihitaji nafasi. Gumba likichoka ndiyo basi tena.

Mwana Tukuyu: Kipanya cha kwanza cha Engelbart, yule Mmarekani aliyekibuni, kilikuwa cha mbao. Sisi tunadeka.

Nyakato_Iringa: Hakufunga hesabu na sisi.

Soweto Mbeya: Nilihamishia kushoto, nikabadili vitufe kwenye setingi. Siku nne nilikuwa kama mtoto wa chekechea, sasa napokezana mikono. Bosi akapita akasema nina dharau, kazi ya serikali naifanya kwa kushoto. Nikamjibu mshahara wenyewe ni wa kushoto.

Makete Asilia: 😂😂 Uhamisho huo unanukia.

Mzee wa Uyole: Binti Kibena, hiyo ya kusimama sokoni Mwanjelwa hapa Mbeya ipo?

Binti Kibena: Sikuiona. Niliagiza Kariakoo, ikaja na basi. Ila kaka, kata karatasi kwa ukubwa wa kiganja chako uwatumie picha. Ya kwanza waliniletea ya mwanaume mkubwa, vidole havikufika kwenye vitufe.

Mzee wa Uyole: Ndaga fijo, asante sana. Hiyo ya mwanaume mkubwa bado unayo?