Bastola ya 9 mm ya bei nafuu: magazini mbili kati ya tatu zinakwamisha risasi

Shabaha_Kati:
Wakuu, naombeni ushauri. Bastola ni ya 9×19 mm, ya bei nafuu. Magazini zake (visanduku vinavyolisha risasi) ni za bati, safu moja, risasi 8 kila moja. Ziko tatu, nimezipa namba. Namba 1 haisumbui kabisa. Namba 2 ikiwa imejaa, ncha ya risasi ya kwanza au ya pili inagonga mteremko chini ya chemba (tundu la mtutu ambamo risasi inakaa kabla ya kufyatuliwa) na kukwama hapo. Namba 3 inakwenda vizuri mpaka zibaki risasi mbili, kisha slaidi (sehemu ya juu inayokwenda mbele na nyuma) inapita juu ya risasi na kufunga chemba tupu. Risasi ni za aina moja, kichwa cha duara. Nianze wapi kabla ya kununua nyingine?

Fundi Tupa:
Kuzipa namba kumekuokolea kazi nyingi. Namba 1 inafanya kazi kwenye bastola hiyohiyo, kwa hiyo mteremko na kitoa ganda (kidoa kinachovuta ganda kutoka kwenye chemba) usiviguse kwa sasa.

Namba 3 nashuku springi. Risasi zikipungua, springi inakuwa imefunguka na nguvu yake imeshuka. Ikiwa imechoka, haiwahi kupandisha risasi kabla slaidi haijarudi mbele. Uchafu ndani nao unaleta dalili hiyohiyo. Vaa miwani, toa kitako cha magazini huku umezuia springi kwa kidole gumba, na upige picha kabla ya kuitoa ili ujue ncha ipi inakaa juu na imeelekea wapi. Ilaze kando ya springi ya namba 1. Ikiwa fupi kwa kuonekana, nunua mpya. Usiivute ili irefuke! Inapata urefu kwa muda mfupi, kisha inalegea tena.

Osha bati kwa brashi na dawa ya kusafishia bunduki, kausha kwa kitambaa, rudisha ikiwa kavu. Ndani ya magazini usipake mafuta. Yanashika masizi na chembe za baruti, na yanaweza kupenya hadi kwenye kiwashio kitakoni mwa ganda.

Mzee wa Lenga:
Namba 2 tazama midomo, zile kingo mbili za juu zinazoshika risasi. Ila kabla ya kukunja chochote, sukuma kisukumio (kile kibao kinachokaa juu ya springi na kupandisha risasi) chini kwa penseli na ukiachie polepole. Kikipanda kimeinama au kikinasa mahali, tafuta ukwaruzo ndani ya bati. Pitisha pamba: itanasa pale penye mwiba. Lainisha kwa msasa namba 600, malizia na 1000, kisha osha vumbi lote.

Kama ndani ni safi, pima nafasi kati ya midomo kwa kalipa: nyuma, katikati na mbele. Linganisha na namba 1, maana kila bastola ina kipimo chake. Midomo ikibana mno upande wa mbele, risasi haiachiwi mapema, inasukumwa ikiwa imeinamisha ncha. Funga plaizi kwa utepe, fungua kidogo sana, kama 0.1 mm, pande zote mbili sawa, kisha jaribu. Ukizidisha, risasi itachomoka mapema, au zitatoka mbili pamoja. Na usikunje ukikunjua: bati linapasuka kwenye kona ya nyuma.

Jaribu kwa risasi za mazoezi zisizo na baruti, zile halisi zikiwa chumba kingine. Vuta slaidi hadi mwisho uiachie ghafla, usiisindikize kwa mkono.

Fundi Tupa:
Naongezea hapo: kuvuta kwa mkono kunafaa kwa namba 2 tu. Ugonjwa wa namba 3 unategemea kasi ya slaidi, kwa mkono unaweza usionekane kabisa. Huo utauona kwenye uwanja wa shabaha.

Chuma Baridi:
Namba 3 angalia pia urefu wa kukaa. Iingize ikiwa tupu, isukume juu kutoka chini. Ikicheza zaidi ya namba 1, tundu la kishikizo kinachoifunga magazini kwenye bastola limelika, magazini inakaa chini na slaidi inakosa kitako cha risasi. Hapo springi mpya haitasaidia.

Shabaha_Kati:
Asanteni sana. Je, namba 2 nikiiwekea risasi 7?

Mzee wa Lenga:
Ni kipimo kizuri. Ikiwa na 8, bonyeza risasi ya juu kwa kidole. Inatakiwa ishuke kidogo, kama mm 2. Ikiwa ngumu kama jiwe, mizunguko ya springi imegusana, na slaidi inapata shida kuchomoa risasi ya kwanza. Ikikubali 7 bila kukwama, itumie na 7 na midomo usiiguse.

Ikiendelea kukwama hata baada ya marekebisho, ibaki ya mazoezi, isibebwe kwa ulinzi. Na ukiona ufa mdomoni, iponde kabisa ili asije mtu akaiokota na kuitumia.