Mrejesho: Medigap (bima ya kujazia Medicare) ya mama imepatikana, meno bado

Wakuu, asanteni sana. Niliuliza nani atalipa asilimia 20 ya gharama za daktari ambayo Part B, sehemu ya daktari ya Medicare (bima ya afya ya serikali kwa wazee), humwachia mstaafu hapa Marekani. Tulifuata ushauri wenu wa Medigap Plan G, aina mojawapo ya bima hiyo ya kujazia, tukaomba ndani ya miezi 6 tangu Part B ianze. Ndani ya muda huo kampuni ya bima hairuhusiwi kumkataa mama wala kumpandishia bei kwa sababu ya kisukari, msichelewe jamani! Kwa daktari sasa mama analipa kile kiasi cha mwanzo wa mwaka tu, kabla Part B haijaanza kulipa. Akienda Tanga, dharura ya siku 60 za kwanza za safari inalipwa asilimia 80 baada ya yeye kulipa dola 250 za kwanza. Dawa zimehitaji Part D, bima ya dawa ya Medicare, ya pembeni. Meno na miwani tumekwama, ni mfukoni.