Mbwa niliyemchukua Jumamosi anaharisha siku ya nne sasa. Nimekosea wapi?

Mama Kashata (Tabata)

Wakuu, habari za jioni. Jumamosi nilikwenda Kigamboni kwa dada mmoja anayeokota mbwa wa mitaani na kuwatafutia makao. Nikarudi na jike la miaka kama miwili, rangi yake ile ya kashata iliyoungua kidogo, na jina likatoka hapohapo. Aliokotwa karibu na wauza samaki, maisha yake yote vichwa na matumbo ya samaki. Mbavu unazihesabu, lakini mkia hautulii.

Shida ni tumbo. Jumamosi na Jumapili choo kilikuwa cha kawaida. Jumatatu kikalainika, Jumanne kikawa uji, na tangu jana anatoka mara saba, nane kwa siku, kidogo kidogo. Leo nimeona ute kama kamasi na michirizi ya damu nyekundu. Hatapiki. Maji anakunywa, na chakula anakifagia kama vile sahani inataka kukimbia.

Nawaandikia nilichomlisha, mnisute kwa haki. Jumamosi maini ya ng'ombe nusu kilo, si mgeni jamani? Jumapili maziwa karibu lita nzima. Jumatatu nikanunua chakula kikavu cha punje, bei yake mume wangu hadi leo haijui. Juzi nikamfumania mama mkwe, yuleyule aliyeapa mbwa hatavuka kizingiti chake, akimrushia mifupa ya kuku kupitia dirishani. Jana nikampa nusu kidonge cha Flagyl kilichobaki cha mwanangu.

Chanjo ya kichaa cha mbwa amepata, ya parvo, ule ugonjwa wa virusi wa utumbo, haijulikani. Dawa ya minyoo alipewa mara moja, wiki tatu zilizopita.

Nisubiri au niende kwa daktari? Jirani ananicheka, anasema mbwa koko tumbo lake ni chuma, mimi ndiye niliyemharibu kwa kumdekeza.

Fundi Bomba

Nusu kilo ya maini, halafu lita ya maziwa? Dada, hata mimi ningekesha chooni. Pole lakini. Na hicho kidonge usirudie.

Mzee wa Majibwa (Moshi)

Binti, jirani yako amesema nusu ya kweli. Tumbo la mbwa wa jalalani si chuma, ni tumbo lililozoea kitu kimoja. Vijidudu vinavyomsagia chakula humo ndani vilikuwa vya samaki. Wewe ndani ya siku tatu umeviletea maini, maziwa na punje, tena kwa mbwa aliyehamishwa nyumba, watu wageni, harufu ngeni, geti limefungwa. Hofu peke yake inamharisha mbwa. Nimefuga tangu nikiwa kijana na sijaona mgeni hata mmoja aliyepita wiki ya kwanza bila kulainika choo.

Maziwa acha kabisa. Mbwa wengi wakubwa hawana cha kutosha cha kuyasagia, yanachacha tumboni. Pika wali, lakini si ule wa watu. Uzidishe maji mpaka uwe bokoboko. Chemsha kidari cha kuku bila ngozi, ukichambue nyuzi nyuzi. Wali sehemu mbili, kuku sehemu moja. Chumvi hapana, mafuta hapana, na kitunguu usithubutu, kitunguu kinaharibu damu ya mbwa. Umpe kidogo mara nne kwa siku, hata akikuangalia kwa macho ya yatima. Ukipata boga, chemsha, ponda, mwekee kijiko kimoja au viwili.

Choo kikishika umbo kwa siku mbili tatu, ndipo uanze kuchanganya hicho chakula chako cha siri. Robo, baadaye nusu, baadaye robo tatu, kwa siku saba hadi kumi. Haraka haina baraka hapa kuliko mahali popote.

Mifupa ya kuku iliyopikwa inavunjika vipande vyenye ncha, inatoboa utumbo. Mwambie mama mkwe kwa adabu.

Fedha zikikubana baadaye utaambiwa pumba na dagaa. Sawa, wengi tumelea hivyo. Ila dagaa wale wa kulishia kuku wana mchanga, waoshe mpaka maji yatakate. Na pumba inuse kabla ya kuipika. Mwaka mmoja gunia langu lilinyeshewa, nikalianika, nikaona limepona. Sumukuvu haitoki kwa jua wala kwa moto. Nilizika mbwa wawili, ini limekwisha. Hilo sikulisoma popote.

Daktari wa Ng'ombe

Mimi ni daktari wa mifugo, ingawa siku nyingi mkono wangu uko kwenye ng'ombe. Mzee amesema vizuri upande wa sahani. Mimi naongeza upande wa maabara.

Kwenda mara nyingi, kidogo kidogo, kwa ute na damu nyekundu, kwa kawaida ni utumbo mpana uliochokozwa. Damu ikiwa nyeusi kama lami inatoka juu zaidi, na hapo hakuna kusubiri. Sasa hivi inua mdomo wake utazame ufizi. Uwe wa waridi na unyevunyevu. Ukiwa umepauka, hana damu ya kutosha. Halafu vuta ngozi ya begani kwa vidole viwili, uachie. Ikirudi polepole, amepungukiwa maji.

Parvo kwa mbwa mkubwa anayekula hivyo bila kutapika siioni sana. Ila akianza kutapika, au akiikataa sahani hiyo anayoifagia, mpeleke saa hiyohiyo, hata usiku.

Ninachokitilia shaka ni minyoo. Dozi moja haitoshi kwa mbwa wa mitaani. Dawa inaua waliokomaa tumboni, wachanga wanaosafiri mwilini wanafika baadaye, kwa hiyo hurudiwa baada ya wiki mbili. Na hupimwa kwa kilo. Je, alipimwa uzito au walimkadiria kwa macho? Kesho asubuhi chukua choo kibichi kwenye kikopo safi, kifike kwa daktari ndani ya saa chache. Ukiweza kusanya vya siku tatu, kwa sababu giadia, kijidudu cha utumboni kinachoharisha, siku moja inaonekana, siku nyingine inajificha.

Flagyl acha. Dozi ya mtu si ya mbwa, ikizidi anaweza kuyumba kama mlevi. Na vile vidonge vya watu vya kufunga choo usimpe bila kuandikiwa.

Mwisho, watoto wavae viatu uani, na choo kizolewe kila siku. Safura wa mbwa, minyoo wanaonyonya damu utumboni, hupenya ngozi ya mguu wa mtu.

Mama Kashata

Shikamoo Mzee, na ahsante Daktari. Narudi baada ya siku tisa.

Ufizi ulikuwa umepauka kidogo, nikaogopa, nikaenda Ijumaa. Mizani ikasema kilo 14. Nilipompigia dada wa Kigamboni akakiri walikadiria kumi. Kwenye choo walikuta mayai ya safura mengi, giadia hapana. Akapewa dawa kwa uzito wake, ya pili ni Ijumaa ijayo, na ya kuongeza damu. Damu kwenye choo ilikoma siku ya tatu. Tangu jana choo kina umbo, nimekiokota na karatasi nikitabasamu peke yangu kama kichaa.

Mama mkwe mifupa ameacha. Sasa amejipa kazi ya bokoboko, anasema wangu una mabonge. Bado mbwa havuki kizingiti, lakini sahani inapelekwa uani na yeye mwenyewe, saa kumi na mbili kamili.

Mzee, robo ya punje naianza kesho au ningoje?

Mzee wa Majibwa (Moshi)

Marahaba. Ngoja kesho kutwa. Na gunia la mchele lifiche, huyo bibi ameshampenda, atazidisha.

Fundi Bomba

Na mume ameshajua bei?

Mama Kashata

Tuzungumzie minyoo tu, kaka.