Mzinga mmoja ni balaa: nibadilishe malkia?

Kijana wa Itigi: Wakuu, wakubwa shikamooni. Nina mizinga ya nyuki, ile ya viunzi (fremu za masega), kando ya shamba la alizeti. Yote haina shida ila mmoja: ukigusa tu mfuniko wanakufukuza mpaka barabarani, na juzi wameua mbuzi wa jirani. Nasikia ukiwapa malkia mpya wanatulia. Ni kweli? Baada ya muda gani?

Bi Nta: Pole mwanangu. Ukali ulianza lini? Nyuki wakibadilika ghafla, mshuku nyegere au siafu kwanza kabla ya malkia. Na usiwafuate umekula ndizi, inanukia kama ile harufu wanayoitana nayo wakishachoma.

Kijana wa Itigi: Nyegere hafiki, mizinga inaning'inia kwa waya. Hawa ni wakali tangu walipoingia.

Fundi Viunzi: Basi ni uzao wa malkia wao, mkuu. Kubadili malkia kunasaidia, ila si wiki moja. Yai hadi nyuki kibarua (mfanyakazi) ni kama siku 20, na wale wa zamani wataendelea kuishi wiki kadhaa. Hesabu miezi miwili hivi.

Kazi ni kumkamata huyo malkia. Mchana jua likiwaka, sogeza mzinga hatua kama ishirini pembeni, pale pa zamani weka mtupu wenye sega moja. Wachomaji wengi ni wazee wanaotoka nje kutafuta chakula, nao watarudi palepale walipozoea. Wanaobaki ni vijana, hapo unapekua masega bila vita. Ukishamtoa, rudisha mzinga mahali pake.

Malkia mgeni usimwachie hivihivi, watamsonga mpaka afe. Mtie kwenye kizimba cha wavu, mtundike katikati ya masega ya majana (watoto wa nyuki) siku kadhaa ashike harufu yao. Wakiganda juu ya wavu wanang'ata, mwache humo. Wakimlisha, ziba mlango kwa sukari laini iliyokandwa na asali, waitafune wenyewe mpaka atoke.

Kijana wa Itigi: Huyo malkia nampata wapi? Mtandaoni naona wa Ulaya.

Bi Nta: Hao achana nao, utaleta magonjwa. Mimi hata kununua nisingenunua. Toa malkia mkali, ngoja siku nane, vunja vijumba vyote vya malkia walivyojenga. Usibakize hata kimoja! Kufikia hapo hawana tena jana changa la kulea malkia, ndipo uwape sega lenye mayai kutoka mzinga wako mpole, walee malkia mpya humo.

Fundi Viunzi: Sawa Bi Nta, ila binti huyo atapandwa angani na madume ya jirani, yakiwemo ya mzinga huohuo mkali.

Bi Nta: Kweli, ndiyo maana akate masega ya madume mapema. Bahati nasibu bado ipo. Akizaa wakali tena, arudie.

Kijana wa Itigi: Ahsanteni. Na kwa sasa, niwasogeze mbali kidogo na mbuzi?

Fundi Viunzi: Kidogo haisaidii, watarudi pale pa zamani. Mwambie jirani ahamishe mbuzi.