"Kipunji, Ngosi na Daraja la Mungu kwa siku moja": mnawauzia watu kima!

Wadau wa Nyanda za Juu Kusini, hebu tuambizane ukweli.

Sikukuu ikikaribia tu, tangazo ni lile lile kwenye magrupu ya WhatsApp: kuondoka Mbeya mjini saa tatu asubuhi, ziwa Ngosi, Daraja la Mungu, Kijungu, na katikati hapo mtaona KIPUNJI, yule tumbili adimu. Kwa herufi kubwa. Anayeandika hivyo ama hajawahi kukanyaga msitu wa Rungwe, ama anajua vizuri sana anachofanya.

Kipunji porini yuko sehemu mbili tu duniani: misitu ya Mlima Rungwe na Livingstone upande wa Kitulo, na Ndundulu kule Udzungwa. Basi. Ngosi haimo! Kwa hiyo abiria wa Coaster wanaposhushwa Ngosi, tawi likatikisika na mwongozaji akapaza sauti "yule pale!", wameonyeshwa kima, tumbili wa kawaida. Si kosa la kitaalamu hilo. Kipunji ana manyoya marefu ya kahawia-kijivu, uso mweusi, kishungi cha nywele kilichosimama wima utosini, tumbo na ncha ya mkia vyeupe vilivyofifia. Kima hana kishungi hicho. Mbega wa Angola ndiye mweusi mwenye manyoya meupe marefu mabegani, na huyo nasikia naye ameshauzwa kama kipunji, sijui kwa macho gani.

Halafu mlio. Kipunji hutoa sauti nzito, nusu honi nusu kubweka, na mara nyingi utamsikia kabla hujamwona. Mwongozaji asiyeujua mlio huo anatembeza watu, haongozi.

Sasa saa. Ukiondoka Mbeya saa tatu, ukiingia msituni ni saa tano, wanyama wameshakula asubuhi na wametulia juu kabisa kwenye majani mazito. Anayetaka kumwona kweli analala Tukuyu au Isongole na anakuwa ukingoni mwa msitu saa kumi na mbili alfajiri. Watu sita, wasizidi. Darubini ya 8x42, yaani ya kukuza mara nane, inatosha. Ya kukuza mara 12 mkono unatetemeka, na chini ya miti kuna giza. Unasimama, hutembei. Unatazama matawi yanayotikisika wakati upepo umetulia. Dakika arobaini bila kitu ni jambo la kawaida, na siku nzima bila kitu nayo ipo, mteja aambiwe hivyo kabla hajalipa. Mnyama huyu huingia mashamba ya mahindi, anafukuzwa kwa mbwa na mitego, ndiyo maana akisikia watu ishirini na spika ya bluetooth anapotea. Wanasayansi wenyewe walimtambulisha mwaka 2005 tu, ingawa wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa na jina lake siku zote. Mnyama wa kuonekana kirahisi asingejificha muda wote huo.

Ngosi yenyewe mnaiharibu bure. Ni kreta nzuri, ziwa liko chini ya kuta za mita kama 200, na njia ya kupanda inapita msitu wa kutosha kumshughulisha mtu asubuhi nzima. Kuna kinyonga wa Poroto mwenye pembe tatu, anayetafutwa taratibu kwenye vichaka vya pembeni mwa njia. Lakini mkifika saa nane mchana ukungu umeshafunika, watu wanapiga picha na weupe mtupu. Kati ya Novemba na Mei tope lake linateleza kama sabuni, na bado kuna wanaopandisha watu na kandambili.

La mwisho ni pesa. "Viingilio vimo ndani ya bei", mnasema. Rungwe iko chini ya TFS (wakala wa misitu), Kitulo iko chini ya TANAPA (shirika la hifadhi za taifa), na zote mbili hulipiwa kwa namba ya malipo ya serikali, stakabadhi inatoka. Mteja, omba kuiona stakabadhi hiyo kabla gari halijawashwa, na uangalie imeandikwa hifadhi gani na watu wangapi. Ikiwa kipeperushi kinasema kipunji na stakabadhi haina Rungwe wala Kitulo, shuka, dai hela yako hapo hapo stendi.

Wenye kampuni mmo humu, jibuni: kwenye ziara ya mwezi uliopita kipunji alionekana msitu gani, saa ngapi?