"Take On Me" ya a-ha: ilishika namba moja wapi, mwaka gani, na ni rekodi ipi?

Sauti_ya_Pangani:
Wakuu, habari za jioni. Naandaa maelezo ya kipindi cha zilipendwa redioni na wimbo wa wiki hii ni "Take On Me" wa a-ha. Taarifa ninazokutana nazo zinagongana. Pengine imeandikwa ulitoka 1984, pengine 1985. Kuna wanaosema ulishika namba moja Uingereza, wengine wanasema uliishia ya pili. Prodyuza huku ni Tony Mansfield, kule ni Alan Tarney. Safari yake kwenye chati ilikuwaje hasa? Na nitajuaje nina rekodi ipi mkononi kabla sijaipiga hewani?

Kinanda61:
Mkuu, taarifa hizo karibu zote ni za kweli, ila kila moja inazungumzia rekodi yake. Wimbo ulirekodiwa mara mbili na Uingereza ulitolewa mara tatu. Ukishazitenganisha, mgongano unaisha.

Mara ya kwanza ni 1984. Vijana watatu wa Norway, Morten Harket, Magne Furuholmen na Paul Waaktaar, walikuwa wamehamia London, wakarekodi chini ya Tony Mansfield. Yeye alipenda kufanya kazi na Fairlight, kompyuta ya muziki ya wakati ule, na matokeo yake yakawa na ubaridi fulani: kila kitu kimepangika, lakini wimbo haunyanyuki. Norway ulifika nafasi ya 3. Uingereza uliishia ya 137, yaani hata wasikilizaji wa chati hawakuusikia.

Mara ya pili ni mwanzoni mwa 1985. Waliurekodi upya na Alan Tarney. Hii ndiyo rekodi ambayo dunia nzima inaijua: ngoma za mashine ya LinnDrum zinatangulia peke yake, halafu besi, ndipo kinanda kinaingia na ule mdundo wa noti zinazorukaruka. Ikatolewa Uingereza, ikaanguka tena.

Mara ya tatu ni Septemba 1985, rekodi ileile ya Tarney, baada ya Marekani kuanza kuipokea. Safari hii ikapanda hadi nafasi ya 2.

Kuijua uliyonayo: soma jina la prodyuza kwenye karatasi ya katikati ya santuri. Lakini ukisoma jalada la albamu, kuwa makini. Albamu ya "Hunting High and Low" kwa sehemu kubwa ilitengenezwa na Mansfield, ila wimbo huu ndani yake ni wa Tarney. Hapo ndipo waandishi wengi wanapokosea, wanachukua jina lililotajwa mara nyingi na kulibandika kwenye kila wimbo.

Mpanga_Chati:
Naongezea upande wa Marekani, maana huko ndiko namba moja ilikopatikana.

Uliingia Billboard Hot 100, chati kuu ya nyimbo ya Marekani, kwenye toleo ya tarehe 13 Julai 1985, nafasi ya 91. Ukashika namba moja kwenye chati ya 19 Oktoba 1985, ukiwa wiki ya 15 humo. Uliutoa juu "Oh Sheila" wa Ready for the World, na wiki moja baadaye ukatolewa na Whitney Houston na "Saving All My Love for You". Wiki moja tu kileleni, lakini hakuna wasanii wa Norway waliowahi kufika hapo kabla yao.

Wiki 15 kupanda ni safari ndefu, na sababu ipo kwenye namna ya kuhesabu. Hot 100 ya wakati ule ilichanganya vitu viwili: ripoti za maduka kuhusu singo zinazouzika, na orodha za vituo vya redio kuhusu nyimbo wanazozipiga. Kituo kimoja kinaongeza wimbo wiki hii, kingine wiki ijayo, kingine kinasubiri kuona wenzake. Kwa hiyo wimbo wa kundi lisilojulikana unapanda ngazi kwa ngazi. Hesabu ya kompyuta ya mauzo halisi haikuingia Hot 100 hadi Novemba 1991.

Uingereza ilikuwa tofauti kabisa. Tangu Januari 1983 chati ilitayarishwa na kampuni ya Gallup kwa mauzo ya madukani peke yake, redio haihesabiwi. Kwa hiyo kushika namba mbili kule maana yake ni moja: kuna singo nyingine iliyonunuliwa zaidi wiki hiyo. Ilikuwa "The Power of Love" ya Jennifer Rush, singo iliyouzika kuliko zote Uingereza mwaka 1985. a-ha walikaa nyuma yake wiki tatu. Kuzuiwa na wimbo wa namna hiyo si kushindwa.

Jambo la kuangalia unapotaja tarehe: tarehe ya Billboard ni jina la wiki, si siku iliyotangazwa. Sema "chati ya 19 Oktoba", usiseme "tarehe 19 Oktoba walitangazwa".

Dada_wa_Kaseti:
Na wanaosema namba moja Uingereza hawakuota. Mwaka 2000 kundi la A1 liliurudia wimbo huu na toleo lao likashika namba moja Uingereza. Mtu akitafuta jina la wimbo bila kutazama jina la kundi, anawapa a-ha ushindi wa A1. Ukiandika, taja wimbo, kundi na mwaka, vyote vitatu.

Sauti_ya_Pangani:
Asanteni sana, sasa naona. Swali la mwisho: ni video ndiyo iliyouokoa, au ni Tarney?

Kinanda61:
Kwangu mimi ni Tarney kwanza. Sikiliza kiitikio: Harket anaanza chini kabisa kifuani, anapanda kila mstari, na anamalizia juu kwa sauti nyembamba ya kichwa. Upeo huo unahitaji muziki unaosukuma kwa chini. Rekodi ya Mansfield haisukumi.

Mpanga_Chati:
Nakubali kuhusu rekodi, ila ushahidi wa chati unaipa video uzito. Rekodi ileile ya Tarney ilitolewa Uingereza mapema 1985 ikaanguka, na miezi michache baadaye ikafika ya 2. Noti hazikubadilika. Kilichobadilika ni video mpya, iliyoongozwa na Steve Barron, na mafanikio ya Marekani yaliyofuata.

Video ya awali ilikuwa bendi ikiimba mbele ya ukuta wa bluu, basi. Ile ya Barron walipiga picha za watu halisi kwanza, kisha Michael Patterson na Candace Reckinger wakachora kwa penseli juu ya kila fremu, karibu fremu 3,000, kazi ya wiki 16. Itazame pale mkono wa penseli unapotoka kwenye ukurasa mgahawani kumwita msichana: mistari inatetemeka, kwa sababu kila fremu imechorwa upya na hakuna mistari miwili inayofanana. MTV, televisheni ya muziki ya Marekani, iliirusha sana, watu wakaenda madukani, redio zikafuata. Kwenye tuzo za MTV za 1986 ilichukua sita.

Dada_wa_Kaseti:
Naomba tu kwenye kipindi usiwaite kundi la wimbo mmoja. Inaniuma kila nikisikia hivyo. Singo iliyofuata, "The Sun Always Shines on T.V.", ilishika namba moja Uingereza Januari 1986 na Marekani ikafika ya 20. Video yake inaanzia pale hadithi ya msichana wa mgahawani ilipoishia, kwa hiyo ukizipiga mbili kwa kufuatana, anza na "Take On Me".