Sensa ya bust (presha ya hewa ya turbo) inasoma 86 injini ikiwa imezimwa, ni mbovu?

Wakuu habari, gari ni Subaru Forester ya turbo, niko Arusha, nimefunga sensa mpya ya bust nirekodi data kwenye laptop, nikiweka swichi on bila kuwasha inasoma 86 kPa, fundi kasema lazima 101 so nikaongeza 15 kwenye programu.

— Toa hiyo 15 mkuu!! 101 ni presha ya hewa ya usawa wa bahari, Dar huko. Arusha mita kama 1,400, 86 ndo yenyewe.

— Pointi moja haitoshi lakini. Chukua pampu ya baiskeli yenye geji, unga na mpira wa sensa, jaza mpaka geji iseme 100 kPa (sio psi), sensa isome 186 maana geji inaanzia hewa ya nje, sensa inahesabu kuanzia sifuri kabisa, pasipo hewa, andika volti za pointi zote mbili. Kaza klipu, mpira ukivuja utadhani sensa imekufa.

— Asanteni sana, kesho najaribu.